Naomba ushauri: nataka wanafunzi waione mitosisi kwenye mzizi wa kitunguu

Habari zenu wakuu. Nafundisha baiolojia kidato cha nne, na mada ya mgawanyiko wa seli sitaki iishie kwenye michoro ya ubaoni.

Nimeotesha vitunguu kwenye glasi za maji, mizizi imetoka mingi tu. Nakata milimita chache za nchani, maana huko ndiko seli zinakogawanyika, nalainisha kwa asidi hidrokloriki yenye joto la nyuzi 60, natia rangi ya asetokamini, kisha naponda kwa kidole gumba juu ya kioo chembamba cha slaidi. Kwenye hadubini naona seli zimepandana kama matofali, viini vyake duara. Najua nyingi lazima ziwe interfesi (kipindi ambacho seli bado haijaanza kugawanyika), kwani ndiyo hatua ndefu kuliko zote na DNA hunakiliwa humo. Ila vijana wanataka kuona kromosomu 16 zimejipanga katikati, halafu zikivutwa pande mbili! Anafesi safi, yaani hiyo hatua ya kuvutwa pande mbili, ilipatikana moja tu, wakaigombania karibu wavunje hadubini (ndiyo pekee tuliyonayo).

Wenye uzoefu, mizizi mnaikata saa ngapi? Kuna ulazima wa kuiloweka kwanza kwenye ethanoli na asidi asetiki, tatu kwa moja? Ethanoli safi huku kwetu ni shida, spiriti ya dukani inafaa? Na aliyejaribu kitunguu saumu, ambacho nacho kina kromosomu 16, aliona nafuu yoyote?