Walimu wa Kifini, "kariri tu" si jibu!

Wakuu, nina hasira na sitaki kuificha. Miezi minane sasa nasoma Kifini hapa Finland kwenye kozi ya wahamiaji. Juzi nimerudishiwa mtihani. Niliandika "unohdin avaimen autossa", nikimaanisha nimesahau ufunguo ndani ya gari (autossa: ndani ya gari). Nimepigwa mkasi mwekundu, juu yake pameandikwa "autoon", yaani kuingia ndani ya gari. Nikauliza kwa nini. "Ndivyo ilivyo, kariri."

Sababu ipo! Kwa Mfini, ufunguo uliosahauliwa umeingia mle na kubaki mle. Hata kubaki nyumbani wanasema "jäädä kotiin", kwa umbo lilelile la kwenda nyumbani. Sisi tunasema naenda nyumbani, niko nyumbani, natoka nyumbani. -Ni haibadiliki, kitenzi ndicho kinabeba mwendo. Kwao mwendo umekaa kwenye nomino. Nusu ya darasa letu ni Wakongo na Wasomali, lakini kila kitu tunaelezwa kwa kupitia vihusishi vya Kiingereza. Kwa nini?

Siku ya kwanza walituambia, kwa umbo hilo la kwenda mahali, rudia irabu ya mwisho, ongeza n: talo (nyumba), taloon. Wiki ya pili "maa" (nchi) ikawa "maahan", mji wa "Porvoo" ukawa "Porvooseen". Halafu uko Helsingissä, unatoka Helsingistä, lakini unaenda Helsinkiin. Ile k imerudi kutoka wapi? Kariri!

Nimekaa maktaba Jumamosi nzima nikapata mwenyewe. Zamani kiambishi kilikuwa na h: talohon. Kule Pohjanmaa ya kusini, magharibi mwa Finland, wapo wanaosema hivyo mpaka leo. Hiyo h ndiyo imebaki kwenye "maahan". Na kwa sababu ilianzisha silabi yake, silabi iliyotangulia ilibaki wazi, haikufungwa na konsonanti kama kwenye Helsingissä, ndiyo maana k haikulegea kuwa g. Herufi moja inaeleza mambo mawili yaliyonitesa miezi minane! Dakika tano za ubao zingetosha.

Kuna vya kukariri, sikatai. Unaenda Helsinkiin, lakini kwenda mji wa Tampere ni Tampereelle, kwa kiambishi kingine kabisa; huo ni mji na mazoea yake. Ila msituchanganyie visivyo na sababu na vyenye sababu, mkatuona sisi wagumu wa kuelewa.

Jumatatu narudi na karatasi yangu, na safari hii nataka kuelezwa mbele ya darasa. Aliyepitia kozi hizi aseme hapa, kwenu walifundishaje?