Ulinganisho: daraja la barabara juu ya reli ya modeli – seti ya kuagiza, printa ya 3D, au kujenga mwenyewe?

MwanaShangani (Mtwara)
Wadau habari za jioni. Nina reli ya modeli ya skeli ya HO, yaani 1:87, juu ya meza ya mita 3.6 kwa sentimita 80. Mada yake ni reli ambayo bado tunaisubiri, ile ya Mtwara hadi Mbamba Bay, jinsi ninavyoiona kichwani: njia mbili zinatoka bandarini, zinapita nyuma ya Mikindani na kuelekea Masasi, nyaya za umeme juu, mabehewa ya makontena na korosho.

Shida yangu ni barabara. Kwa sasa inakatiza reli kwa geti, na kila nikiitazama naona haiendani na zama ninazoziiga. SGR inayobeba abiria Dar hadi Dodoma tangu 2024 haikutani na magari usawa mmoja. Yanapita juu au chini yake. Kwa hiyo nataka daraja la kisasa la barabara, njia mbili za magari na sehemu ya watembea kwa miguu.

Nalinganisha mambo mawili. Kwanza aina: la mihimili ya zege, au la nyaya kama la Kigamboni? Pili namna ya kulipata: kuagiza seti ya plastiki nje, kuchapisha kwa printa ya 3D, au kulijenga kwa vifaa vya hapa hapa Mtwara. Aliyefanya mojawapo anisaidie, na aseme na sababu.

KusiniKwetu
Mkuu, weka la nyaya. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa 2016 kila mtu alikwenda kupiga nalo picha. Mgeni akiingia chumbani kwako, minara miwili yenye nyaya ndiyo ataiona kwanza. La mihimili atalipita bila kuligundua.

FundiMingoyo (Lindi)
Kaka KusiniKwetu, hebu tupige hesabu kwanza. Daraja la Kigamboni lina mita 680. Gawa kwa 87, unapata mita 7.8, na meza ya mwenzetu ina mita 3.6. Hata Daraja la Mkapa pale Rufiji, ambalo sisi wa kusini tumelivuka sana, lina mita 970, sawa na mita 11 na kidogo kwa HO.

Utaniambia alifupishe. Sawa, lakini daraja la nyaya hujengwa kwa sababu kuna maji mapana au meli zinapita, na nguzo haziwezi kusimama katikati. Kuvuka njia mbili za reli hakuna mhandisi atakayesimamisha minara. Mtu anayejua madaraja akiona hivyo ataacha kuitazama reli yote, atabaki kujiuliza ile minara inafanya nini pale. Daraja la Mkapa na Daraja la Umoja la Mtambaswala yote ni marefu na hayana minara wala nyaya. Huku kwetu daraja ni nguzo na mihimili, na mimi naona lina uzuri wake ukilijenga kwa vipimo vya kweli.

KusiniKwetu
Hapo kwenye sababu ya minara nimekubali. Basi mihimili.

MzeeWaLami (Masasi)
Vijana, nimefanya kazi za barabara miaka mingi kabla ya kustaafu, na naona mnabishana juu ya daraja wakati tatizo liko kwenye barabara unganishi. Ndivyo ilivyo hata kwenye daraja la kweli: wananchi wanaona nguzo, fundi anawaza tuta.

Tuanze na urefu wa kwenda juu. Kwa kuwa una nyaya za umeme, nahesabu mita 6.5 kutoka juu ya reli hadi chini ya mhimili. Kwa HO ni milimita 75. Uwazi wa mita 18 kati ya nguzo na nguzo unakutosha kwa njia mbili, na hiyo ni milimita 207. Mhimili wa zege wa uwazi huo una kina cha mita moja na kidogo, tuseme milimita 12 hadi 13 kwako, halafu sakafu ya sentimita 20 ambayo ni milimita 2.3. Jumla, lami yako itakaa kama milimita 90 juu ya reli.

Sasa upandeje hizo milimita 90? Kwa mwinuko wa asilimia 6, ambao lori lenye mzigo linaupanda bila kutambaa, unahitaji mita 1.5 kila upande. Ukilazimisha asilimia 10 ni sentimita 90 kila upande, na macho yatakwambia kuwa ni mkali. Barabara yako inakata upana wa meza, na upana wote ni sentimita 80. Haiingii.

Kuna watakaokushauri ushushe reli badala ya kupandisha barabara. Reli ni ngumu zaidi. Treni ya mizigo mpe asilimia 2 isizidi, kwa hiyo kushusha sentimita 3 tu kunadai mita 1.5 ya kushuka na nyingine 1.5 ya kupanda. Meza imekwisha, na bandari yako umeiweka wapi?

MwanaShangani
Shikamoo mzee. Nashukuru sana, hili sikuwa nimelitazama kabisa kwa jicho hilo. Je, nikiacha umeme na kubaki na vichwa vya dizeli?

MzeeWaLami
Marahaba. Behewa lenye kontena moja refu linafika kama mita 4 kutoka relini, kwa hiyo mita 5.2 kutoka juu ya reli hadi chini ya mhimili zitakutosha, na hiyo ni milimita 60. Umeokoa milimita 15, sawa na sentimita 25 za mwinuko kila upande. Bado haiingii, na umeipoteza reli unayoitaka. Bakiza umeme.

Suluhisho ni ardhi yenyewe. Umesema reli inapita nyuma ya Mikindani, na Mikindani ina vilima. Upande wa nyuma wa meza, karibu na ukuta, jenga kilima kirefu kuliko daraja. Barabara itokee kwenye mkato wa kilima ikiwa tayari iko juu, ivuke reli ikiwa tambarare, halafu upande wa mbele, unaposimama wewe, ikatwe hapo hapo kwenye ukingo wa meza ikiwa bado juu. Usijenge tuta la kushukia. Mtazamaji anasimama mahali ambapo tuta lingekuwepo, na macho yanalimalizia yenyewe.

Na usivuke kwa pembe mraba. Ukilipinda daraja nyuzi 30, mkato wa kule nyuma unajificha nyuma ya kingo za daraja, na picha ya mandhari ya ukutani nyuma ya meza haitaonekana barabara inaigonga. Ila kumbuka mhimili utarefuka, kutoka 207 hadi kama 239.

FundiMingoyo
Mzee amemaliza. Naongeza moja: kabla hujasimamisha nguzo, chukua behewa lako refu kuliko yote, funga penseli kwenye pembe za mbele na nyuma na nyingine katikati ubavuni, lisukume polepole juu ya karatasi. Kwenye kona, katikati ya behewa huingia ndani na ncha hutoka nje. Nguzo ikae nje ya mistari yote na nafasi kidogo ya ziada. Ukingo wa daraja nao upimie hivyo hivyo pale nguzo za umeme zinapopita.

NtamaPrinta (Lindi)
Habari zenu. Mimi nina printa ya 3D, basi nizungumzie hiyo njia. Printa nyingi za nyumbani zina meza ya milimita 220 kwa 220. Mhimili wa 239 hauingii ukiulaza sawasawa, lakini ukiulaza kwa mshazari unaingia, maana mshazari wa meza hiyo unazidi 300. Faida kubwa ya printa ni vitu vinavyojirudia: mihimili sita inayofanana, vizuizi vya pembeni, nguzo za taa, mifereji ya maji. Unachora mara moja, unatoa unavyotaka.

Hasara: mistari ya tabaka. Zege haina mistari, kwa hiyo kila uso unaoonekana lazima upakwe puti na kupigwa msasa, na kwa mihimili sita hiyo ni kazi ya jioni nyingi. Pili, joto. Plastiki ya PLA huanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hivi. Chumbani ni salama, ila usiiache ndani ya gari juani ukienda nayo kwenye maonyesho. PETG, plastiki nyingine ya printa, inavumilia zaidi.

Ningekushauri usichapishe daraja zima. Chapisha vitu vidogo tu.

AbiriaWaMwisho (Dar)
Kuhusu seti za kuagiza: zipo. Rix Products wa Marekani wana daraja la barabara la kisasa kwa HO, na makampuni ya Ujerumani kama Faller na Kibri yana madaraja pia. Plastiki yao ni safi, vipande vinaingiana, na unyevu hauvisumbui. Kwa mtu anayeanza ni njia ya uhakika.

Ila kwa reli yako naona kasoro tatu. Seti imeshaamuliwa urefu na pembe, na mzee amekwambia upinde nyuzi 30. Kuikata na kuipinda seti ni kazi kuliko kuanza upya. Pia alama na vibao vinavyokuja nazo ni vya nchi ambako magari hupita kulia, sisi tunapita kushoto. Na kuna usafirishaji na ushuru, ambao mara nyingine unazidi bei ya mzigo wenyewe.

Kama unafikiria baadaye kuweka magari yanayotembea, ule mfumo wa Faller ambamo gari linafuata waya wa chuma uliozikwa chini ya lami, basi chimba mfereji mwembamba wa waya sasa hivi kabla hujapaka rangi, hata kama gari utalinunua miaka ijayo. Kufumua lami iliyokamilika kunauma.

BangoSafi (Mtwara)
Mimi natengeneza mabango, na hapa jibu liko karibu kuliko mnavyodhani. Zile mbao za plastiki nyeupe tunazobandika maandishi, za milimita 3 na 5, kila karakana ya mabango ina mabaki yake. Zinakatwa kwa kisu na rula ya chuma, zinashika kwa supaglu, na zikipigwa msasa mwepesi uso wake unafanana na zege hata kabla ya rangi.

Naomba mtu asitumie kadibodi Mtwara. Nimeona kazi nzuri za kadibodi zikiharibika. Kuanzia mvua za Desemba mpaka Aprili hewa inajaa maji, na sisi wa pwani tuna chumvi juu yake. Kadibodi inavimba, inapinda, gundi ya maji inaachia. Plaiwudi ni afadhali, lakini ipakwe sila pande zote mpaka kwenye kingo zilizokatwa, kwa sababu unyevu na mchwa huingilia hapo.

Kwa sakafu ya daraja kata milimita 3. Ndiyo, mzee kasema 2.3, lakini ukingo wa pembeni unaifunika na hakuna atakayepima. Mihimili miwili ya nje, ile inayoonekana, itengeneze vizuri kwa plastiki. Katikati, pasipoonekana, pitisha vipande viwili vya pembe ya alumini kutoka kwa mafundi wa madirisha. Plastiki peke yake kwa uwazi wa sentimita 24 italegea taratibu kwa joto letu, lakini ikiwa na alumini hata mtoto akiegemea haitakatika. Nguzo za duara ni bomba la PVC: la nje la milimita 20 ni sawa na nguzo ya mita 1.74, ukubwa wa kweli kabisa.

MzeeWaLami
Bomba la milimita 20 ni sawa kama nguzo ni moja moja. Ukiweka mbili chini ya boriti moja ya kichwa, yaani ile inayolala juu ya nguzo na kubeba mihimili, tafuta jembamba zaidi, 12 hadi 14. Na kati ya boriti na mhimili weka vipande vidogo vyeusi vya mpira, milimita 1 tu. Hizo ni beringi. Daraja lisilo na beringi linaonekana limegandishwa.

NtamaPrinta
Upana je? Hakuna aliyesema.

MzeeWaLami
Kweli. Lami mita 7, hiyo ni milimita 80. Njia ya miguu mita 1.5 kila upande, milimita 17 na 17, kisha kingo. Jumla kama milimita 120. Usipunguze njia ya miguu, ndugu. Barabara ya huku bila mtu wa baiskeli mwenye gunia la korosho na bodaboda pembeni si barabara ya huku.

MwanaShangani
Nimesoma yote, na nimelala nayo. Uamuzi wangu ni huu.

Mihimili ya zege, uwazi mmoja wa milimita 239, limepinda nyuzi 30, lami juu ya reli milimita 90. Kilima nyuma, ukingo wa meza mbele, hakuna tuta. Sakafu na mihimili ya nje kwa plastiki ya mabango, alumini katikati, nguzo mbili za bomba jembamba chini ya kila boriti. Seti ya kuagiza nimeiacha kwa sababu ya pembe na kwa sababu ya kupita kushoto. Dada NtamaPrinta, nitakuomba unichapishie vizuizi vya pembeni na nguzo za taa kwa PETG. Mfereji wa waya nitauchimba.

Swali langu la mwisho ni rangi. Zege jipya la kijivu au lililochakaa?

FundiMingoyo
Changanya. Paka kijivu chenye weupe kidogo, kisha chukua udongo mwekundu wa kwenu, uchekeche kwa soksi ya nailoni, uuweke kwa brashi kavu chini ya nguzo na pembezoni mwa lami tu. Juu acha safi. Halafu chini ya kila tundu la kutolea maji, mstari mmoja wa kahawia hafifu kwenye uso wa mhimili.

MzeeWaLami
Na matundu yenyewe usiyaweke juu ya reli. Maji ya mvua hayamwagwi juu ya nyaya za umeme. Yaweke mwishoni, kabla ya boriti, yashuke kwenye mfereji wa pembeni.

NtamaPrinta
Nitumie vipimo vya vizuizi kesho, kaka. Urefu wa kwenda juu weka milimita 11, hiyo ni karibu mita moja. Nitaacha pengo dogo kila milimita 60 kama kwenye daraja la kweli.