Mjadala: Bidhaa nzito iliyonunuliwa mtandaoni ikirudishwa, nauli yake ilipwe na nani?

Mwanzisha mada

Ndugu wachangiaji, naleta hoja ambayo wauzaji na wanunuzi wa mtandaoni huikwepa mpaka siku ya ugomvi. Kabati, jokofu, godoro au mashine ya kufulia ikikataliwa baada ya kufikishwa mlangoni kwa mnunuzi, gharama ya kuirudisha iwe ya nani? Wapo wanaodai kwamba muuzaji aliyeamua kuuza vitu ambavyo mteja hajaviona wala kuvigusa ndiye abebe hasara yote, kwa kuwa ndiye anayemuuzia mtu mbuzi kwenye gunia. Wapo pia wanaosema kwamba mnunuzi ni mtu mzima, alisoma vipimo, akalipa kwa hiari yake, hivyo akibadili nia ajigharimie.

Msimamo wangu nautanguliza ili upate kupingwa. Bidhaa ikiwa na kasoro, muuzaji aifuate pale ilipo kwa gharama yake. Mnunuzi akibadili nia tu, nauli ni juu yake, ila kwa sharti moja: kiasi cha nauli hiyo kiwe kilikuwa kimeandikwa kwa tarakimu kando ya bei kabla hajalipa. Pasipo tarakimu hiyo, muuzaji alipe.

Nasisitiza tarakimu kwa sababu mnunuzi wa kawaida hana namna ya kuikisia. Anayerudisha shati anajua kwa kiasi fulani kifurushi kidogo hutozwa nini, lakini kampuni za usafirishaji hazitozi kwa kilo za mizani peke yake. Hulinganisha uzito halisi na uzito wa ujazo, kisha hutoza ule ulio mkubwa. Kanuni iliyozoeleka ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 5000. Sanduku la sentimita 120 kwa 80 kwa 60, lenye kabati la kilo 35, litalipiwa kama kilo 115.2. Kuna pia ukomo wa uzito: kampuni ya usafirishaji ya UPS, kwa mfano, haipokei kifurushi kinachozidi kilo 70, na mzigo ukivuka hapo unaacha kuwa kifurushi, unakuwa shehena ya kupakiwa kwenye paleti, yaani jukwaa la mbao la kubebea mizigo, na shehena hiyo ina magari yake, ratiba yake na bei yake.

Tena safari ya kwenda na safari ya kurudi hazifanani hata kidogo. Godoro la povu hutoka kiwandani likiwa limenyonywa hewa, likakandamizwa na kuviringishwa mpaka likaingia kwenye sanduku ambalo mtu mmoja anaweza kuliburuta. Mnunuzi akishakata plastiki, linafura ndani ya dakika chache, na hakuna mashine ya nyumbani itakayolirudisha kwenye umbo lile. Lililokuja kama sanduku sasa linataka kuondoka kama godoro zima la futi sita. Muuzaji anayeandika tu kwamba «gharama za kurudisha ni za mteja» analijua jambo hilo vizuri sana, na mteja halijui.

Muuza samani

Ndugu mwanzisha mada, hoja yako inapendeza kuisoma, ila imeandikwa na mtu asiyelipa ankara za wachukuzi. Unataka niandike tarakimu, nami nakuuliza, tarakimu ya wapi? Sofa lile lile likitoka nyumba ya chini yenye uwanja wa kuegesha lori lina gharama yake. Likitoka ghorofa ya nne isiyo na lifti, kwenye ngazi yenye kona, lina gharama nyingine kabisa, na huenda likahitaji wabebaji wanne. Mafuta hupanda, na wachukuzi hubadili viwango bila kuniuliza. Ukinilazimisha kuandika kiasi kimoja, nitaandika kikubwa cha kunilinda, kisha mtanishutumu kwamba nawatisha wateja.

Halafu nauli ni sehemu ndogo tu ya hasara. Kabati la mbao za chenga zilizogandishwa likishaunganishwa mara moja, matundu ya skrubu yanalegea. Ukilifungua na kuliunganisha tena, haling'ati kama mwanzo. Siwezi kumuuzia mteja wa pili kwa bei ya kitu kipya, na nikijaribu nitarudishiwa tena, safari hii kwa haki. Wapo wateja wanaoagiza makochi mawili wakijua kabisa kwamba watabaki na moja. Wakirudishiwa bure, mnadhani nani analipa? Wanalipa wale waliopima sebule zao kabla ya kuagiza, kwa sababu gharama hiyo lazima niitandaze kwenye bei ya kila kochi.

Mwanzisha mada

Hilo la mwisho nakubaliana nalo, na ndiyo sababu sikusema urudishaji uwe bure kwa kila mtu. Kuhusu tarakimu, ugumu unaoutaja ulishafikiriwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 kuhusu haki za walaji (2011/83) inampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu, na inamruhusu muuzaji kumwachia nauli ya kurudisha. Hata hivyo, kama bidhaa kwa asili yake haiwezi kurudishwa kwa posta ya kawaida, muuzaji anatakiwa amjulishe gharama hiyo mapema, na asipomjulisha, mzigo unamrudia yeye. Pale ambapo haiwezekani kukokotoa, utangulizi wa sheria hiyo unataja makadirio ya kiwango cha juu kabisa, ambayo yanaweza kujengwa juu ya gharama ya kumpelekea mteja bidhaa. Kwa hiyo andika ukomo, ndugu yangu, wala usibuni kiasi kamili. Ukiandika ukomo wa kutisha, mteja ataulinganisha na wa muuzaji wa jirani, na ushindani utafanya kazi yake.

Mnunuzi

Ninyi wawili mnazungumza kana kwamba mpaka kati ya kasoro na kubadili nia umechorwa kwa rula. Kwetu sisi wanunuzi ugomvi wote uko hapo mpakani. Niliwahi kuagiza meza ya chakula yenye juu la kipande kimoja, nikapima chumba, nikaridhika. Siku ya kuletwa ikagundulika kwamba sanduku lenyewe lilikuwa refu kuliko meza kwa kiasi cha kutosha kukwama kwenye kona ya ngazi, na wabebaji hawakuwa na ruhusa ya kulifungulia nje. Muuzaji alisema meza haina kasoro, nami nikasema sikubadili nia yoyote. Meza naitaka, ila haipiti. Je, huyo ni mteja aliyebadili nia? Kwenye ukurasa wa tangazo palikuwa na vipimo vya meza pekee. Vipimo vya sanduku, ambavyo ndivyo vinavyokutana na mlango, havikuandikwa popote.

Ningeongeza sharti kwenye pendekezo la mwanzisha mada: muuzaji asiyeonyesha vipimo na uzito wa mzigo ukiwa umefungashwa, pamoja na idadi ya masanduku na mahali utakapoishia, iwe barabarani, mlangoni au ndani ya chumba, ahesabiwe kwamba ndiye mwenye kosa. Maneno «tunaleta hadi kwako» yamewaacha watu wengi na jokofu kando ya barabara wakati mvua inanyesha.

Mchukuzi

Naomba niseme machache kutoka upande wa wenye mgongo. Kikokotoo cha kunyanyua mizigo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, kilichorekebishwa mwaka 1991, kinaanzia kilo 23 kama kiwango cha juu kwa mtu mmoja katika mazingira mazuri kabisa, yaani mzigo uko karibu na mwili, usawa wa kiuno, bila kujipinda. Ngazi za nyumba za watu hazina hata moja kati ya hayo. Anayewaahidi wateja urudishaji wa bure wa mashine ya kilo 90 anaahidi kwa viungo vya watu wengine, na mara nyingi watu hao hulipwa kwa idadi ya mizigo badala ya saa.

Kuhusu hasara ya njiani, nyingi huzaliwa kwenye vitu vidogo ambavyo mnunuzi amevitupa. Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele ina pipa lililoning'inizwa kwenye springi, pamoja na pande la zege la kulizuia lisirukeruke. Ikitoka kiwandani pipa hilo hufungwa kwa bolti ndefu za usafiri upande wa nyuma, kwa kawaida tatu au nne. Fundi anapoifunga nyumbani huzitoa, na mwenye nyumba huzitupa pamoja na povu gumu na maboksi. Wiki moja baadaye anataka kuirudisha. Mimi nikiipakia bila bolti zile, pipa linagonga kuta kila tuta, na mashine iliyoondoka nzima inafika imekufa. Jokofu nalo nikililaza, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba ya gesi. Likiwashwa kabla mafuta hayajashuka, linaweza kuharibika. Kioo cha meza husafiri kwa kusimama kwenye ukingo wake, kwa sababu kikilazwa uzito wake wenyewe hukivunja barabara ikiwa mbovu.

Nani alipe katika hali kama hizo? Muuzaji atasema ni mimi, nami nitasema ni mnunuzi. Pendekezo langu ni kwamba siku ya kukabidhi, bolti ziingizwe kwenye mfuko, mfuko ubandikwe nyuma ya mashine, na maelekezo ya kuzihifadhi yasomwe kwa sauti. Pia jamani, msisaini hati ya kupokelea mzigo kabla ya kutazama pembe zote. Kama sanduku limebonyea, andikeni pale pale kwamba limebonyea.

Mnunuzi

Ndugu mchukuzi, tungetazama kwa furaha kama dereva asingekuwa amesimama akigusagusa saa yake. Isitoshe, ufa wa ndani hauonekani juu ya boksi.

Msomaji wa sheria

Kwa hilo la ufa wa ndani, mkataba wa kimataifa wa CMR wa mwaka 1956, unaohusu usafirishaji wa mizigo kwa barabara kuvuka mipaka, unatofautisha uharibifu unaoonekana, ambao sharti usemwe wakati wa kukabidhiwa, na usioonekana, ambao mpokeaji ana siku 7, bila kuhesabu Jumapili na sikukuu, kuutolea taarifa kwa maandishi. Akikaa kimya, inachukuliwa kwamba alipokea mzigo salama mpaka athibitishe vinginevyo. Mkataba huo unagusa uhusiano na msafirishaji. Haufuti madai ya mlaji dhidi ya muuzaji wake, na watu wengi huyachanganya mambo haya mawili.

Mwanzisha mada amesema kwamba penye kasoro muuzaji aifuate bidhaa pale ilipo. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya haikwenda mbali hivyo. Katika kesi C-52/18, iliyoamuliwa Mei 2019, mtu alinunua kwa simu hema la mita 5 kwa 6, akalikuta na kasoro, akataka litengenezwe nyumbani kwake. Mahakama ilisema kwamba mahali pa kutengenezea hupangwa na sheria ya kila nchi, mradi pasimletee mlaji usumbufu mkubwa, na kwamba ukubwa, uzito au ugumu wa kusafirisha bidhaa ni mambo ya kuzingatiwa. Muuzaji pia halazimiki kutanguliza nauli kila mara, isipokuwa pale ambapo kuitanguliza ni mzigo unaoweza kumfanya mlaji aache kudai haki yake. Kwa upande mwingine, mwaka 2011 mahakama hiyo hiyo, katika kesi za vigae na mashine ya kuoshea vyombo, iliamua kwamba bidhaa mbovu iliyokwisha kufungwa mahali pake, muuzaji ndiye aigharimie kung'olewa kwake na kufungwa kwa nyingine.

Nje ya Ulaya picha ni tofauti. Uchina, tangu Machi 2014, inatoa siku 7 za kurudisha bila sababu kwa manunuzi ya mtandaoni, na nauli ni ya mnunuzi isipokuwa wamekubaliana vingine. Marekani haina sheria ya shirikisho inayompa mnunuzi wa mtandaoni haki ya jumla ya kurudisha kitu kizima kwa sababu tu amebadili nia. Huko sera ya duka ndiyo inayotawala.

Muuza samani

Nashukuru kwa ufafanuzi huo. Mbona hakuna aliyetaja njia tunayoitumia zaidi? Nauli ya kurudisha ikikaribia thamani ya bidhaa, mimi humpunguzia mteja sehemu ya fedha, kitu kinabaki kwake, na hakuna lori linalowasha injini. Mlango wa kabati ukiwa na mkwaruzo, namtumia mlango mmoja badala ya kabati zima. Kila mtu anaridhika.

Mwanzisha mada

Mlango mmoja badala ya kabati zima, naam, huo ni utaratibu mzuri, na ningependa kila muuzaji awe na akiba ya vipande. Punguzo ndilo linalonitia shaka. Mteja aliyeletewa kabati lenye ufa, analolikwepa kila akipita ukumbini, anapoahidiwa sehemu ndogo ya fedha zake leo au lori siku isiyojulikana, atachukua kile kidogo, na atachukua kwa sababu kabati ni zito. Uzito wa bidhaa hapo umegeuka silaha ya muuzaji mezani. Punguzo liruhusiwe, lakini liwe la pili kutajwa: kwanza mteja aandikiwe tarehe ya kuja kuchukuliwa kwa bidhaa na kiasi kamili atakachorejeshewa, ndipo aulizwe kama angependa kubaki nayo kwa bei pungufu. Ndugu muuza samani, ukiwa umeshaandika tarehe hiyo, je, punguzo unalotoa sasa lingebaki kuwa lile lile?