Fedha ziende kwenye upimaji wa saratani au kwenye kuwafundisha watu kuishi vizuri?

Babu wa Kibosho
Kila kampeni ya afya inapofika wilayani kwetu, mahema hufungwa, akina mama hupangwa foleni na kupimwa saratani ya mlango wa kizazi na ya matiti, kisha mahema hufunguliwa na magari huondoka. Je, fedha hizo zisingefaa zaidi kuwafundisha watu kuacha sigara, kupunguza pombe na kutembea kwa miguu? Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zinaweza kuzuilika. Marehemu mama yangu, aliyekula kiburu cha ndizi na mboga ya mnafu, alifikisha miaka 91 bila kukanyaga chumba cha vipimo. Mwanamke mwenye maisha safi ana haja gani ya kupimwa?

Muuguzi wa Zamu
Shikamoo, Babu. Nisingejibu hoja ya fedha, kwa kuwa bajeti si kazi yangu, lakini hayo maneno mawili, "maisha safi", ndiyo yanayotufanya tukae kliniki siku nzima na siki yetu ya kupimia bila mteja. Mwanamke akionekana kwenye mlango ule, jirani huuliza amefanya nini. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na watu wengi waliowahi kujamiiana huvipata wakati fulani; wengi huvishinda bila kujua, na wachache hubaki navyo. Aliyemjua mume wake tu tangu ndoa anaweza kuwa miongoni mwa hao wachache. Tunachofanya ni kupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi na kusubiri dakika moja hivi. Penye mabadiliko hugeuka peupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo kwa joto au kwa baridi kali. Mabadiliko hayo aghalabu huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa saratani, ila kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila dawa, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu. Muda huo wote mama haumwi popote, na mnafu anaula kama kawaida.

Shangazi wa Magomeni
Na virusi hivyo huingiaje nyumbani kwa mwanamke ambaye hatoki? Babu amehesabu mboga za mama yake, lakini hakuhesabu safari za baba yake.

Babu wa Kibosho
Dada, baba yangu amelala kaburini na hawezi kujitetea. Niliuliza kuhusu bajeti ya afya, nikajibiwa kuhusu ndoa ya wazazi wangu.

Mwalimu wa Biolojia
Tuheshimiane. Babu hajakosea katika yote, kwa sababu sigara huongeza hatari ya saratani hata ya mlango wa kizazi, kwa kuwa huudhoofisha mwili usiweze kuvishinda virusi. Hata hivyo, nadhani mjadala huu umepitwa na wakati, maana hapa Tanzania wasichana wa miaka 14 walianza kuchanjwa dhidi ya virusi hivyo mwaka 2018, dozi mbili kila mmoja, na kizazi hicho hakitahitaji siki wala mahema.

Muuguzi wa Zamu
Mwalimu, tangu mwaka 2024 ni dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Tena aina za virusi namba 16 na 18, zinazolengwa na chanjo, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi, hivyo aliyechanjwa bado atapimwa akifika umri. Na sisi tulio na miaka 40 leo, tuliochanjwa pepopunda tu, tusubiri nini?

Mpenda Takwimu
Naona kila upande unazungumzia "kupima" kana kwamba ni kitu kimoja. Kipimo cha siki kilijaribiwa Mumbai kwa wanawake wapatao 150,000, nacho kikapunguza vifo vya saratani ya mlango wa kizazi kwa asilimia 31. Kwa upande mwingine, Korea Kusini ilipima saratani ya tezi ya shingo kwa wingi hadi wagonjwa waliogunduliwa mwaka 2011 wakawa mara 15 ya wale wa 1993, ilhali vifo havikubadilika. Maelfu walipasuliwa shingo kwa ugonjwa ambao pengine usingewaua. Hata kipimo cha damu cha tezi dume kina walakini wa namna hiyo.

Shangazi wa Magomeni
Walakini wa tezi dume tunaujua: wanaume wanaogopa kidole. Wangekuwa wao ndio wenye mlango wa kizazi, siki ingeuzwa kwa foleni.

Mwalimu wa Biolojia
Hiyo si hoja, Shangazi, hiyo ni kejeli, na kwa kejeli hizo wanaume hawataletwa kliniki.

Mama wa Mpanda
Naomba nirudi kwenye fedha. Huku kwetu mahema yalikuja, jirani yangu akaambiwa kwamba ana uvimbe usiotibika kwa joto wala kwa baridi, akapewa karatasi ya rufaa. Karatasi hiyo hadi leo iko chini ya godoro, kwa sababu nauli ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, au ya Ocean Road, Dar es Salaam, pamoja na malazi ya wiki kadhaa za mionzi, ni zaidi ya mbuzi wote alionao. Nani analipia hatua hiyo?

Babu wa Kibosho
Nimjibu kwanza Shangazi. Mimi sijawahi kuogopa kidole cha daktari yeyote. Mwaka juzi nilipimwa tezi dume kwa kidole na kwa damu, kwa hiari yangu mwenyewe, na majibu yalikuwa mazuri. Kuhusu mnafu, nimesimama palepale.