Kamba ya mbwa kaivaa yeye shingoni, halafu ananiambia mbwa wangu ndiye hajalelewa!

Yule yule. Simtaji, mnamjua nyote, yule mwenye dume kubwa lenye mabega kama ndama. Leo kavuka mpaka. Naandika hasira bado ya moto, kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia nipunguze sauti.

Dume linakuja mbio, mstari mnyoofu kama limefyatuliwa kwa manati, kichwa mbele, ardhi inatetemeka. Mwenyewe yuko kuleee, mdogo kama kidole gumba, mikono mfukoni, anapaza sauti: "Usiogope, hana neno huyo!" Kamba? Kamba ipo wakuu, msije mkasema hana kamba. Ipo shingoni KWAKE YEYE. Kaizungusha mara mbili kama skafu, na kile chuma cha kunasia kinaning'inia kifuani kama nishani ya vita.

Wa kwangu yuko kwenye kamba ya mita moja na nusu, hana pa kwenda. Akabweka mara mbili. Mbili tu. Mwenye skafu akafika baada ya kama mwaka mmoja hivi, mbwa wake hakumtazama, akanitazama mimi, akasema: "Wa kwako ndiye hajalelewa."

Hajalelewa! Mtu kavaa kamba ya mbwa shingoni ananipa somo la malezi ya mbwa!

Sasa sikilizeni, maana hili la "hana neno" limezoeleka mpaka limekuwa salamu. Mbwa wenye adabu hawaendeani hivyo. Wanakuja kwa kupinda, pua chini, macho pembeni, mwili umelegea. Wakifika wananusana ubavuni na nyuma kwa sekunde tatu hivi, kisha kila mmoja anashika njia yake. Kumjia mwenzio uso kwa uso, kwa kasi, macho umeyakodoa, ni ufedhuli hata kama nia ni kucheza. Anayejiwa angekuwa huru angejiondokea. Akiwa kwenye kamba, njia hiyo imezibwa, kimebaki kelele. Na kabla ya kelele alishasema kwa upole mara nne: kageuza kichwa, kajilamba pua, kapiga mwayo bila usingizi, katoa weupe wa jicho. Kubweka ni onyo la tano. Meno yanakuja baada ya hapo. Mbwa anayebweka kwanza NDIYE aliyelelewa, kwa sababu hakuruka hatua. Ukimgombeza kila anaponguruma, unamfundisha siku nyingine anyamaze aende moja kwa moja kwenye kung'ata.

Na asije mtu na "lakini mkia ulikuwa unatikisika". Mkia uliosimama wima unaotetemeka haraka haraka, mgongo umekaza, huo si wa furaha. Wa furaha unapepea kwa upana mpaka kiuno kinaufuata.

"Wa kwako ndiye hajalelewa." Na kamba shingoni. Usingizi leo sina.

Pua Baridi:
Nishani ya vita! Mbavu sina. Kwa hiyo aliyetolewa matembezi leo alikuwa nani hasa?

Huyo namjua, na wimbo wake ninaujua. Anaita jina la mbwa mara kumi na tano, mbwa ananusa zake, akija kurudi anakula kofi. Sasa arudi kufanya nini? Hesabu ya mbwa ni fupi: nikienda kwake napigwa. Mbwa wa kuitika anatengenezwa. Chagua neno moja la kumwita, liite mara moja, na kila akifika apate kipande cha kitu anachokipenda kweli, si yale mabaki makavu anayoyala kila siku. Anza ndani, hatua mbili tatu, kisha uani, kisha nje kwa kamba ndefu ya mita 10, inaswe kwenye mkanda wa kifuani na siyo kwenye kola, maana akifika mwisho wa kamba na kasi ile shingo ndiyo inayobeba mshindo wote. Kama huna uhakika atakuja, usiite, mfuate ukamshike. Halafu hapa wengi wanakosea: wanamwita siku ya kuondoka tu, naye anajifunza kwamba kuitwa ni mwisho wa raha. Mwite, mpe, mwachie arudi kucheza. Mpaka aitike mbele ya mbwa wengine bila kusitasita, kamba ikae shingoni kwa mbwa. KWA MBWA.

Tumbo Wazi:
Mleta uzi punguza povu, limefika mpaka huku limelowesha kibodi. Mbwa kaja, mbwa kabweka, kwisha. Aya zote hizo kwa sentensi moja?

Na wewe jibu hili: ulikaza kamba, hukukaza? Maana wenye mbwa wanaobweka mko hivyo hivyo. Mkiona mwenzenu anakuja mnazungusha kamba kiganjani mara tatu na kuzuia pumzi. Kamba ikikazwa ghafla mbwa anaelewa kuna hatari, tena shingo ikivutwa juu kifua kinasimama, na yule anayekuja anaona mbwa anayetaka ugomvi. Kamba ilegee, ining'inie kidogo kati ya mkono na kola. Geuka mapema, ukiwa na nafasi ya hatua ishirini, sema "twende", piteni kwa kupinda. Akizidi kuwasogelea, simama katikati, nyosha kiganja, umwagie yule mgeni konzi ya vipande vya chakula mbele ya pua. Wengi wanainama kuokota, nyie mmeshaondoka. Kulia hapa hakumsaidii mbwa wako.

Mleta uzi:
Kamba ILILEGEA! Na katikati NILISIMAMA! Sikuja kufundishwa kusimama. Nimekuja kwa sababu mtu aliyejifunga kamba ya mbwa kaniambia wa kwangu hajalelewa. Mbona hilo mnaliruka?

Sikio Moja:
Na wangeshikana je? Hapo ndipo watu wanapoteza vidole.

Kamba Fupi:
@Sikio Moja mkono usiende mdomoni wala kwenye kola, hata ya mbwa wako mwenyewe. Mbwa aliye kwenye ugomvi anageuka na kung'ata kilichomgusa, haangalii ni nani. Anza na kelele kubwa, au ndoo ya maji, au koti juu ya vichwa vyao. Ikishindikana inataka watu wawili: kila mmoja ashike miguu ya nyuma ya wa kwake, mnyanyue kwa pamoja kama mnasukuma toroli, mrudi nyuma mkizunguka ili asipate nafasi ya kujikunja na kuwafikia. Kama mmoja kashamshika mwenzie kwa meno, msivute, mtachana nyama. Mkishawatenganisha pitisha vidole kwenye manyoya yote. Tundu la jino juu linaonekana dogo kama la msumari, chini ngozi imeachana na nyama, na hilo ndilo linalotunga usaha baada ya siku chache.

Mtu aking'atwa: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 nzima ukitazama saa, siyo kusuuza. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata mwenye mbwa akiapa kwamba kamchanja. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Ila nyie mnaomlalamikia asiyefunga kamba, mnawasahau wa kamba za kujiviringisha! Mtu kashika kile kidubwasha cha plastiki, mbwa yuko mita tano mbele kwenye kona, yeye yuko kwenye simu. Ule uzi mwembamba ukizunguka mguu wa mtu unakata kama waya. Ukiushika kwa mkono kumzuia mbwa unaungua kiganja. Kidubwasha kikiponyoka kinamfuata mbwa nyuma kikigonga chini ga-ga-ga, naye anadhani anafukuzwa, anakimbia mpaka barabarani. Na kwa kuwa uzi ule unamvuta muda wote, anajifunza kwamba ukivuta unapata nafasi zaidi. Halafu mwaka mzima wanauliza kwa nini anavuta! Mwenye skafu ana nafuu.

Mleta uzi:
Hana nafuu hata kidogo!

Hatua Mbili:
Kamba, kamba, kamba. Nyie mmeshakanyaga? Wale wa mavi mbona hawana uzi wao? Mbwa akiinama, mwenyewe ghafla anapenda mawingu. Anatazama juu mpaka mbwa amalize. Na wabaya kuliko wote ni wale wanaozoa, wanafunga mfuko vizuri kabisa, halafu wanautundika kwenye tawi kama pambo!

Mtu anajibu "ni mbolea". Si mbolea. Mayai ya minyoo mviringo yanatoka na kinyesi yakiwa bado hayajakomaa, yanahitaji wiki 2 hadi 4 kwenye udongo ndipo yaweze kuambukiza, kisha yanakaa humo miaka. Ndiyo maana kuzoa leo kunafaa na kuzoa mwezi ujao hakufai: kinyesi kitakuwa kimekauka na kupotea, mayai yapo pale pale, na mtoto anayechezea udongo akalamba vidole anayameza. Viluwiluwi vya minyoo hiyo vinaweza kufika mpaka kwenye jicho. Kirusi cha parvo, kile kinachoharisha vijibwa damu, nacho kinakaa ardhini miezi mingi, kinasubiri kijibwa ambacho hakijamaliza chanjo.

Kazi yenyewe ni sekunde kumi. Mkono ndani ya mfuko kama glavu, zoa pamoja na majani machache ya chini, geuza mfuko ndani nje, toa hewa, fundo, nenda nao mpaka kwenye pipa. Beba mifuko miwili zaidi ya unayodhani unahitaji, maana mbwa akitembea ana mzunguko wa pili. Na ukiwa umeinama usiache kutazama: kikiwa laini, chenye utelezi au damu, au kama punje za mchele zinazojongea, hizo ni habari za kumpelekea daktari wa mifugo.

Bakuli Tupu:
Mavi yanazoleka. Mimi nagombana na wanaolisha mbwa wa watu bila kuuliza. "Kidogo tu, ananiangalia kwa huruma." Anakuangalia hivyo kwa sababu analipwa! Kipande cha chokoleti nyeusi kwa mbwa mdogo si kidogo. Zabibu, mbichi au kavu, zinaua figo, na kiasi salama hakijulikani. Kitunguu, kibichi, kilichopikwa au cha unga, kinavunja chembe nyekundu za damu, na dalili zinakuja siku kadhaa baadaye, mlishaji ameshasahau. Pipi na bazoka zisizo na sukari, zile zenye zailitoli, kitamu cha badala ya sukari, zinashusha sukari mwilini mwa mbwa ndani ya nusu saa hivi. Mifupa iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha kama sindano, ikikaa kooni au ikitoboa utumbo ni upasuaji.

Akishakula, usimnyweshe chumvi ili atapike, chumvi yenyewe ni sumu. Piga simu kwa daktari ukiwa na mambo matatu mkononi: uzito wa mbwa, karatasi ya kile alichokula, na saa aliyokila.

Na wanaobadilisha chakula kwa siku moja kisha wanalia mbwa anaharisha! Ni siku 7 hadi 10. Robo ya kipya siku mbili tatu, kisha nusu, kisha robo tatu. Utumbo si bomba la plastiki.

Tumbo Wazi:
Hapo kwenye kulipwa kwa macho nakuunga mkono kwa miguu yote minne. Vitafunwa visizidi sehemu moja kati ya kumi ya chakula cha siku. Pitisha kiganja kwenye mbavu: uzihisi chini ya ngozi kama vifundo vya mgongo wa mkono wako ukiwa umeunyoosha. Ukizitafuta usizipate, mbwa kanenepa, hakuna cha "manyoya mengi".

Mleta uzi:
Jamani, uzi ulikuwa wa mwenye kamba shingoni.

Sikio Moja:
Tumekusikia mkuu, kamba shingoni, hajalelewa, pole. @Bakuli Tupu, anayekula kwa pupa anazuiwaje? Wapo wanaomaliza bakuli kabla hujasimama wima.

Bakuli Tupu:
Usimwekee mkono bakulini, unamfundisha kulinda chakula. Gawa cha siku mara mbili au tatu badala ya mara moja. Kama ni kikavu, pima kwa mizani na si kwa kikombe, kisha kitawanye kwenye majani au kikunje ndani ya taulo akitafute kwa pua. Kwa wale wakubwa wenye kifua kirefu hili si la urembo, kwa sababu tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda. Wasikimbizwe mara baada ya kula. Ukiona anajaribu kutapika hakitoki kitu, tumbo limekaza kama ngoma, mate yanachuruzika, anazunguka hawezi kutulia, usisubiri asubuhi. Ni saa chache tu.

Mleta uzi:
Wa kilo 22, anamaliza chini ya dakika moja. Trei ya kuokea vikeki vidogo itafaa?

Bakuli Tupu:
Inafaa. Igeuze chini juu, mwaga punje kati ya vile vinundu, alambe kwa kuzunguka. Weka kitambaa kilicholowa chini yake, isije ikateleza na kumfuata chumba kizima.