Naomba ushauri: picha za bendi kwenye ukumbi wenye giza
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Jumamosi tulienda na washkaji kusikiliza bendi ukumbi mmoja hapa Moshi, ndani taa hafifu halafu za rangi, nyekundu na bluu zinabadilika badilika. Lenzi yangu ni ya kuvuta, 18-55mm iliyokuja na kamera, nikivuta mpaka 55 inaishia f/5.6 (yaani tundu la kuingiza mwanga halifunguki zaidi ya hapo). Nikaweka shata 1/60 ya sekunde na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200, mpiga gita katoka giza na mikono imevutika, nikapandisha ISO 6400 mwanga ukaongezeka ila picha imejaa chengachenga na muimbaji akiingia kwenye taa nyekundu sura yote inakuwa bapa, macho hayaonekani. Flashi sikutaka kabisa, kummulika mtu usoni anaimba siyo ustaarabu.

Mwisho wa mwezi wanapiga tena na mpiga besi ni rafiki yetu tangu shule ya msingi, natamani sana nimpe picha moja nzuri.

Nikijibana ninunue lenzi ya 50mm f/1.8, ile isiyovuta, itatosha, maana inaingiza mwanga karibu mara 10 ya hii, au tukikaa meza ya mbele itanibana? Na hizo taa nyekundu mnazifanyaje, mnapiga RAW (faili ghafi la kamera) mnarekebisha baadaye au kuna kuseti palepale?