Memwari ya usanifu wa kampuni: daftari la Kasumbalesa niliweke wapi?

binti_wa_Kenya

Jambo wakubwa, jambo wenzangu. Niko Lubumbashi (Kenya ninayosema ni komini yetu, si nchi, msianze tena kuniuliza habari za Nairobi). Namaliza masomo ya informatiki, na memwari yangu (tasnifu ya kumalizia masomo) ni juu ya usanifu wa kampuni: ile ramani inayoonyesha kazi, watu, data na kompyuta vinavyoshikana, ili mashine zifuate lengo la biashara na si biashara ifuate mashine.

Nafanya staji (mafunzo kazini) kwenye kampuni ndogo inayopitisha mizigo duane, yaani forodhani. Nilichukua jedwali la Zachman, maswali sita kwa ngazi sita za kuitazama kampuni, nikajaza visanduku vyote 36, wiki sita bila kulala vizuri. Prof akapindua kurasa, akavua miwani. "Binti yangu, umejaza vizuri. Sasa swali liko wapi?" Nikanyamaza.

Basi nikaomba nipelekwe Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita kama 90, nikae siku mbili na mzee wetu wa pale mpakani. Kampuni ilinunua programu miaka miwili iliyopita. Asubuhi mzee anawasha kompyuta, anaingiza mteja, bidhaa, uzito, thamani, namba ya deklarasyo, ofisi ya duane, anazima. Halafu anatoa daftari la shule lililovalishwa plastiki. Amepiga mistari kwa rula: namba ya lori, dereva, siku lilipofika, siku lilipovuka, na mwisho kabisa safu nyembamba yenye kichwa "lilingojea nini". Humo anaandika herufi moja moja kwa biki nyekundu. Sikuthubutu kumuuliza maana yake.

Bosi wetu kila mkutano anasema lengo ni moja tu, lori la mteja lisilale. Lakini kwenye programu hakuna hata pa kuandika kwamba lori limelala! Daftari ndilo linalojua. Sasa hilo daftari ni la kisanduku kipi? Au niachane na Zachman nihamie TOGAF, ule mwongozo mwingine wa usanifu wa kampuni? Utetezi ni mwezi ujao, nisaidieni.

yaya_wa_Katuba

Mdogo wangu, usihame. TOGAF ilitoka 1995, ikajengwa juu ya kazi ya wizara ya ulinzi ya Marekani. Ni njia ya awamu baada ya awamu, na mwezi wako utaisha ukiwa bado mlangoni.

Zachman anakutosha, ila msome kwa tarehe. Makala yake ya 1987, kwenye jarida la IBM, ilikuwa na safu tatu: nini, vipi, wapi. Nani, lini na kwa nini ziliingia 1992, alipoandika pamoja na Sowa. Sasa angalia programu yenu: mzigo gani, deklarasyo gani, ofisi gani. Imebaki 1987! Mzee na rula yake wameshafika 1992.

Kwa hiyo usitafute kisanduku cha daftari. Daftari linakaa juu ya safu tatu kwa mpigo, na hapo ndipo pa kuandika. Visanduku vingine weka nyuma kama nyongeza. Mimi niliwahi kuchora miezi saba mahali fulani, karatasi kubwa za rangi, tukazibandika ukutani. Mwaka uliofuata nilimkuta mtu wa depo amekata moja, anafungia misumari.

barabara_ya_shaba

Mimi si mtu wa memwari, ni wa malori. Neno moja tu. Daftari hilo linasema ukweli kwa sababu wakubwa hawalisomi. Siku utakapoliingiza kwenye programu na bosi akawa analifungua kila asubuhi, ile safu ya mwisho itajaa neno moja: foleni. Foleni haina baba wala mama, hakuna wa kulaumiwa. Muulize mzee kwanza kama anataka.

mwalimu_wa_Bukavu

Huyu wa malori amesema zaidi ya sisi wenye vitabu.

Naongeza kidogo. 1993, jarida lilelile la IBM, Henderson na Venkatraman walichora nyumba nne: mkakati wa biashara, mkakati wa teknolojia, na chini yake mpangilio wa kazi za kampuni na mpangilio wa mitambo. Hoja yao ni kwamba huwezi kurekebisha nyumba moja peke yake. Jaribu kuuliza nani aliomba programu hiyo inunuliwe. Nabashiri ni mhasibu, na kama ni yeye, programu imefuata lengo vizuri sana: hesabu zitoke safi kwa taratibu za OHADA, ule umoja wa nchi za Afrika wa sheria za biashara. Ila halikuwa lengo la bosi. Usiandike basi kwamba teknolojia haikufuata biashara. Andika imefuata lengo la nani, na lengo la bosi limeandikwa wapi zaidi ya mdomoni mwake.

binti_wa_Kenya

Asanteni sana. Mwalimu, umebashiri sawasawa, ni mhasibu. Alinionyesha hata karatasi aliyoomba nayo, mistari kumi na moja, neno "lori" halimo.

Nilirudi Kasumbalesa Jumamosi. Nilimwambia mzee maneno ya barabara_ya_shaba kama yalivyo, akacheka mpaka akakohoa. Akakubali nisome kurasa tatu za mwisho, nisipige picha. D ni duane. F ni foleni. M ni mteja hajalipa. Nilitegemea F kila mahali. Herufi iliyojaa ni B.

"B ni nini, baba?"

"Biro, ofisi yetu ya Lubumbashi. Ni sisi wenyewe."

Mzigo umeshaingizwa kwenye mfumo wa duane, lori limeegeshwa, lakini karatasi yenye muhuri wa kampuni lazima itoke Lubumbashi kwa mkono. Inapewa dereva wa taksi ya asubuhi. Taksi haiondoki mpaka ijae. Ikijaa saa nne, karatasi inafika mchana, lori linalala. Na muhuri ni mmoja, uko kwenye droo ya bosi, naye huingia kazini saa tatu.

Prof nimemwandikia hilo peke yake, bila jedwali. Amejibu: "Anza hapo." Mzee kwenye memwari ataitwa "mtumishi wa mpakani", na daftari halitaingizwa kwenye programu yoyote, tumeshakubaliana.

Limebaki moja la kiufundi: nachora kwa ArchiMate, ile lugha ya alama za kuchorea usanifu wa kampuni. Karatasi inayosafiri kwenye taksi inayosubiri abiria, inachorwaje?

yaya_wa_Katuba

Mshale wa kawaida. Juu yake andika nauli.